Kujifunza Onyesho la Kusoma Mawazo Mezani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaotaka kujifunza onyesho moja la kusoma mawazo, la kufanyika mbele ya watu wanne au watano walioketi karibu, bila jukwaa, bila taa maalumu na bila msaidizi wa siri. Majibu mengi yanahusu onyesho moja tu, la mawazo matatu na kikombe, kwa sababu anayelimiliki onyesho moja barabara hujifunza zaidi kuliko anayekusanya siri ishirini asizoweza kuzifanya mbele ya watu.

Je, yupo mtu anayeweza kusoma mawazo kweli?

Hapana. Hakuna aliyewahi kulithibitisha jambo hilo chini ya uangalizi makini. James Randi, mwanamazingaombwe aliyefanya kazi zake Marekani kabla ya kugeukia kuchunguza madai ya nguvu zisizo za kawaida, alianza mwaka 1964 kuahidi zawadi ya fedha kwa yeyote ambaye angeonyesha uwezo wa namna hiyo katika jaribio lililokubaliwa na pande zote mbili. Zawadi hiyo ilianza na dola 1,000, ikapanda hadi dola milioni 1, na shindano lilipofungwa mwaka 2015 ilikuwa haijachukuliwa na mtu. Anayejifunza sanaa hii anapaswa kuanza akiwa na hakika hiyo, kwa kuwa inaongoza kila uamuzi utakaofuata: maneno atakayosema, maswali atakayouliza, na jibu atakalompa mtu atakayemwamini kupita kiasi.

Sanaa hii inatofautianaje na mazingaombwe ya kawaida?

Katika mazingaombwe ya kawaida kinachodanganywa ni jicho: sarafu inatoweka, kitambaa kinabadilika rangi, kamba iliyokatwa inaunganika. Katika kusoma mawazo hakuna kinachotoweka. Kuna karatasi, kalamu na mtu anayefikiri, na ajabu yote inatokea kichwani mwa mtu huyo. Ndiyo maana wapo watu wenye mikono myepesi kabisa ambao hushindwa hapa, kwa sababu wamezoea kumwona mtazamaji kama mahali pa kuweka karata, ilhali katika sanaa hii mtazamaji ndiye onyesho lenyewe.

Ni kweli kwamba msomaji mawazo husoma macho na mikono ya watu?

Kuna ukweli kidogo ambao umezungukwa na uzushi mwingi. Ukweli ni kwamba mwili huvujisha mambo. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Berlin, farasi aitwaye Hans alisemekana kujua hesabu, kwani alipoulizwa jumla ya namba aligonga kwato hadi kufikia jibu sahihi, kisha akaacha. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakujua kuhesabu hata kidogo. Alikuwa akiona mienendo midogo mno ya kichwa na mwili wa muulizaji pindi jibu lilipofikiwa, na muulizaji asiyelijua jibu alipowekwa mbele yake, farasi alishindwa. Mmiliki wake, mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten, hakuwa tapeli, kwa kuwa naye hakujua kwamba alikuwa akitoa ishara hizo. Mapema zaidi, katika karne ya 19, Mmarekani Washington Irving Bishop alipata umaarufu kwa kutafuta vitu vilivyofichwa huku akiwa ameshikwa mkono na mtu anayejua vilipo, akiufuata mvutano mdogo wa misuli ambao mshikaji hakujua kwamba anautoa.

Uzushi ni ile kanuni inayorudiwa kila mahali kwamba mtu akitazama juu kulia anadanganya na akitazama juu kushoto anakumbuka jambo la kweli. Mwaka 2012 Richard Wiseman wa Uingereza na wenzake walichapisha majaribio yaliyoipima kanuni hiyo, na hawakuona uhusiano wowote kati ya uelekeo wa macho na uongo. Anayeanza asijenge onyesho lake juu ya macho ya watu. Ajenge juu ya mbinu isiyoshindwa, kisha aendelee kuwatazama watu kwa makini, kwa kuwa umakini huo utamsaidia katika mengine yote.

Nianze na onyesho lipi?

Anza na mawazo matatu na kikombe. Unahitaji kijitabu kidogo, kalamu, kikombe kisichopitisha mwanga na karata 52 za kawaida pamoja na zile za ziada zinazokuja nazo. Kwa nyumba ambazo karata hazikaribishwi, iko njia nyingine ambayo nimeieleza mbele. Hakuna kifaa cha kununua kwa bei kubwa wala kitu chochote ambacho mtazamaji akikikamata atagundua siri. Kwa maoni yangu sifa hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote kwa mtu anayefanya onyesho mezani, ambapo kila kitu kiko umbali wa mkono.

Watazamaji huona nini?

Wanaona mtu wa kwanza akiombwa afikirie mji ambao angependa kufika. Unamtazama kidogo, unaandika jambo kwenye kikaratasi, unakikunja na kukitumbukiza kikombeni, ndipo unamwomba ataje mji wake kwa sauti. Mtu wa pili anafikiria jina la mtu aliyemfundisha jambo muhimu utotoni. Unaandika, unakunja, unatumbukiza, naye anataja. Mtu wa tatu anakata karata mwenyewe; unaandika, unakunja, unatumbukiza, ndipo anaitazama karata yake. Kikombe kinatikiswa, vikaratasi vinamwagwa mezani, na mmoja wao anavifungua na kuvisoma. Yote matatu yamo.

Siri yake ni ipi?

Uko mbele kwa hatua moja, na hakuna anayejua. Kabla ya kuanza umeshaijua karata ambayo mtu wa tatu ataipata. Tuseme ni saba ya pau. Unapomtazama mtu wa kwanza na kuandika, huandiki mji wowote, unaandika «saba ya pau». Anapoutaja mji wake, tuseme Lamu, unaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia alichokitarajia. Unapomgeukia mtu wa pili, kwenye kikaratasi cha pili unaandika «Lamu». Naye anapomtaja mwalimu Zuhura, unakiweka kichwani, na kwenye kikaratasi cha tatu unaandika «mwalimu Zuhura». Karata inapofunuliwa, vikaratasi vitatu vilivyomo kikombeni vinalingana na majibu matatu, na kikombe kilichotikiswa kimefuta mpangilio wao.

Mbinu hii ni ya zamani, na katika karne ya 19 ilitumiwa sana Marekani na Ulaya na watu waliodai kupokea ujumbe kutoka kwa wafu. Wasomaji mawazo wa jukwaani waliichukua na kuiboresha. Kwa mtu anayejifunza, uzuri wake ni kwamba haimlazimu kuchungulia chochote. Watu wenyewe wanakuambia majibu kwa sauti, mbele ya kila mtu, na bado hawaoni kwamba wamekuambia.

Nitahakikishaje kwamba mtu wa tatu anapata karata ninayoitaka?

Kwa mkato wa msalaba, ambao ni rahisi kiasi kwamba wengi huudharau na kuuharibu. Mpe mtu yeyote karata azichange anavyotaka. Ukizipokea, zifungue kama pepeo huku nyuso zikikuelekea wewe, ukitafuta zile karata za ziada zisizotumika mchezoni na kuziondoa, na wakati huo utazame karata iliyo juu kabisa, yaani ile itakayokuwa juu karata zikilazwa kifudifudi. Hiyo ndiyo utakayoandika kwenye kikaratasi cha kwanza. Ikiwa ni ree ya kopa, ondoa au ihamishe, kwani karata inayopendwa na kila mtu hutia shaka. Saba ya pau au nne ya uru haimshughulishi mtu.

Zamu ya mtu wa tatu inapofika, weka karata zote kifudifudi mezani na umwombe anyanyue fungu la juu, kiasi apendacho, aliweke pembeni. Wewe chukua fungu la chini lililobaki, ulilaze juu ya lile alilolinyanyua, kwa kukatiza kama msalaba, na umwambie kwamba msalaba huo unaweka alama mahali alipokata. Halafu usiguse karata. Msemeshe na umtazame, kisha uandike kikaratasi cha tatu, ukikunje, ukitumbukize kikombeni. Ndipo unyanyue fungu la juu lililokatiza na kumwomba atazame karata iliyo juu ya fungu la chini. Ataamini kwamba ndipo alipokata, lakini karata hiyo ni ile iliyokuwa juu kabisa tangu mwanzo.

Kinachoufanya mkato huu ufaulu ni muda uliopita kati ya kukata na kutazama. Ukikata na kufunua papo hapo, mtu makini atakumbuka fungu lipi lilikuwa wapi. Katika maonyesho mengine muda huo hulazimika kujazwa kwa maneno matupu. Hapa unajazwa na kitendo ambacho kila mtu alikuwa anakisubiri, yaani kuandika, na kwa sababu hiyo mbinu mbili dhaifu zinasaidiana na kuwa imara. Nimeona njia nyingi ngumu zaidi za kumpa mtu karata, na bado kwa onyesho hili singeubadilisha mkato huu.

Kuna familia zinazochukizwa na karata kwa sababu ya kamari. Nifanyeje?

Acha karata kabisa na utumie miji. Mwanzoni, kabla ya jambo lolote, waombe walioketi wakutajie miji wanayoijua, nawe uandike kila mmoja kwenye kikaratasi chake, uvikunje na kuviweka ndani ya kofia au bakuli. Mtu wa kwanza akitaja Kigoma, andika Kigoma. Wa pili akitaja Mombasa, andika Kigoma. Wa tatu akitaja Bukoba, andika Kigoma, hadi upate vikaratasi kama vinane ambavyo vyote vinasema jambo moja. Sasa unaijua «karata» yako. Maswali mawili ya mwanzo yasihusu miji tena, ili yasigongane na la tatu. Mtu wa tatu atachagua kikaratasi kimoja kutoka kwenye kofia, akishike mkononi bila kukifungua hadi umalize kuandika.

Angalia mambo mawili tu. La kwanza, ukiwa unaandika, uwe na ukuta nyuma yako, na kijitabu kiwe karibu na kifua. La pili, mara kikaratasi kimoja kinapotoka, vilivyobaki viingie mfukoni au mkobani bila haraka na bila maelezo, kwa sababu mkono wa mtoto mdadisi hufika kwenye bakuli kabla ya wako.

Vikaratasi viwe vya namna gani?

Viwe vinne au vitano kutoka kijitabu kimoja, vyenye upana wa vidole vitatu, vyote sawa, na vikunjwe mara mbili kwa mkunjo uleule. Kalamu ya wino wa kawaida inatosha. Kalamu nene ya wino mwingi huvuja na maandishi huonekana upande wa pili. Usiandike namba juu ya kikaratasi, wala usiandike «mji» au «mwalimu» kama kichwa cha jibu. Andika jibu tupu. Kikombe kiwe kizito na chenye mdomo mwembamba kiasi, kwa maana gilasi ya kioo humruhusu mtu kukifuata kikaratasi cha kwanza kwa macho hadi mwisho.

Kuna jambo moja dogo ambalo watu wa karibu huligundua kabla hata hawajajua kwamba wameligundua, nalo ni urefu wa kuandika. Ukiwa unaandika mji wa mtu mmoja, kalamu inatarajiwa kutembea kidogo na kuacha. «Saba ya pau» ni maneno matatu, na mkono unaotembea mara tatu kwa ajili ya mji mmoja unasema uongo waziwazi. Andika «7 pau», kwa herufi ndogo, bila kunyanyua kalamu kati ya maneno. Kwenye kikaratasi cha tatu, ambapo unadhaniwa kuandika karata fupi lakini unaandika «mwalimu Zuhura», andika «Zuhura» tu. Jina peke yake linatosha, na akilisoma mwenye jina hilo moyoni mwake, neno «mwalimu» atalijaza mwenyewe.

Niseme nini wakati wa onyesho?

Sema maneno machache, kwa adabu, na uongee na mtu badala ya kuhutubia meza. Ikiwa mtu wa kwanza ni mama wa makamo, mazungumzo huenda hivi:

«Shikamoo mama.»

«Marahaba mwanangu.»

«Naomba unisaidie jambo dogo, na usipopenda uniambie tu, sitakasirika. Fikiria mji mmoja ambao ungependa kufika na hujawahi kufika. Usiutaje bado. Jione umeshashuka garini, umesimama pale.»

Hapo nyamaza. Mtazame kwa muda wa pumzi mbili, anza kuandika, simama kidogo, malizia, kunja. «Nimeshaandika, na kuanzia sasa siruhusiwi kubadilisha. Ni mji gani, mama?»

Sentensi hiyo ya kwamba huruhusiwi kubadilisha hufanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu inaweka katika kumbukumbu ya watu mpangilio ambao utawafaa baadaye wakisimulia: aliandika kwanza, ndipo nikasema. Na kweli uliandika kwanza. Kitu pekee ambacho hawakijui ni ulichoandika. Mapema kabisa, sema pia kwamba vikaratasi vyote vitatu vitafunguliwa pamoja mwishoni, ili jambo hilo liwe kanuni ya mchezo na lisionekane kama kisingizio.

Vijana wa rika lako waite kwa majina yao au «dada» na «kaka». Mzee apewe «mzee wangu» au «babu» kulingana na mahali mlipo. Usimfanyie mzaha mtu uliyemwomba msaada, hasa mbele ya watoto wake au wakwe zake. Mtu aliyetahayarishwa hatakumbuka kwamba ulisoma mawazo yake.

Niulize maswali gani, na yapi niyaepuke?

La kwanza liwe jepesi, kama mji, chakula au mnyama. La pili ndilo moyo wa onyesho, kwa hiyo liguse kumbukumbu njema: jina la rafiki wa shule ya msingi, mtu aliyemfundisha kupika au kuendesha baiskeli, mtaa alikokulia. Usiulize juu ya maradhi, madeni, ndoa, marehemu wa karibuni au mtu anayempenda kwa siri. Mtu anaweza kukujibu kwa heshima tu, kisha akaenda nyumbani na uzito ambao hakuja nao. Inatokea kwamba hata swali jema linafungua kidonda, mwalimu aliyetajwa akawa amefariki mwezi uliopita. Hapo punguza sauti, toa pole ya kweli, na muulize kama angependa mwendelee. Onyesho linaweza kungoja.

Nani asome vikaratasi mwishoni?

Yeyote isipokuwa wewe. Mmwagie mtu vikaratasi mbele yake na umwombe afungue kimoja kimoja na kusoma kwa sauti. Ukivifungua mwenyewe, watu watadhani umebadilisha kitu kwa vidole, na nusu ya nguvu ya onyesho itapotea. Mtu anaposoma «Zuhura», usimtazame msomaji. Mtazame aliyelifikiria jina hilo, kwani meza nzima itafuata macho yako, na uso wake utasema yote ambayo wewe ungehangaika kuyasema.

Baadhi ya wakongwe wa sanaa hii hupenda kukosea kidogo kwa makusudi, na nakubaliana nao pale jibu linapokuwa namba: mtu akisema 47, andika 46. Kukosa kwa moja kunafanana zaidi na jitihada ya akili kuliko jibu kamili. Kwa majina usifanye hivyo.

Itakuwaje mtu akidai aonyeshwe kikaratasi cha kwanza papo hapo?

Mpe kazi. Mwenye shaka ashike kikombe, afunike mdomo wake kwa kiganja, na awe mlinzi hadi mwisho. Mara nyingi mtu anayedai aonyeshwe anataka kuhakikisha tu kwamba hutachezea vikaratasi, na ulinzi wake unampa hakika hiyo huku ukikulinda wewe. Akiendelea kung'ang'ania kwa ugomvi, acha onyesho kwa upole na umgeukie mwenyeji kwa mazungumzo mengine. Huna deni.

Mtu akibadilisha wazo lake, hakuna hasara, kwani kikaratasi chake bado hakijaandikwa. Mwambie tu: «Taja lile ulilokuwa nalo nilipokuwa naandika.» Usirudie onyesho kwa kundi lilelile siku hiyohiyo, hata wakikusihi, kwa sababu mara ya pili mtu atakunja pembe ya kikaratasi cha kwanza ili akitambue.

Nifanyeje mazoezi?

Tenganisha mikono na maneno. Kwanza fanya onyesho zima ukiwa peke yako kimyakimya, viti vitatu vitupu mbele yako, hadi kukunja na kutumbukiza kusikuhitaji mawazo. Kisha sema maneno yote kwa sauti bila vifaa, ukitembea. Mwisho unganisha. Kosa la kawaida la wanaoanza hutokea kwenye kikaratasi cha pili: wamesikia «Lamu», wanamsikiliza mtu wa pili kwa heshima, na kalamu inapogusa karatasi wanashikwa na bumbuwazi, hawajui waandike nini. Dawa yake ni kujizoeza kulisema jibu la mtu aliyetangulia kimoyomoyo pale unapoishika kalamu, kila mara bila kuruka.

Jirekodi kwa simu na utazame macho yako tu. Utagundua kwamba unakitazama kikombe kila unapoogopa.

Je, niongeze maelezo juu ya tabia ya mtu ili onyesho liwe zito?

Maneno machache yanaruhusiwa, lakini ujue unachokigusa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani yametungwa kwa ajili yake pekee baada ya kufanyiwa kipimo. Wote walipewa maelezo yaleyale, ambayo sehemu kubwa Forer aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu. Walipoombwa kupima usahihi wake kati ya 0 na 5, wastani ulikuwa 4.26. Binadamu hujitambua haraka katika sentensi kama «una nguvu ambazo bado hujazitumia». Kwa hiyo ukianza kumweleza mtu tabia zake, atakuamini kwa wepesi unaotisha, na imani hiyo haitaishia mezani. Mimi naona ni heri kubaki kwenye mji, mwalimu na karata.

Je, onyesho hili ni ushirikina au ramli?

Si hivyo, mradi usiligeuze kuwa hivyo. Watu wa dini wana maoni tofauti juu ya mazingaombwe, na kila msomaji amuulize shehe, padri au mchungaji anayemwamini; mwenyeji akikuambia kwamba nyumbani kwake jambo hilo halifai, funga mkoba bila kubishana. Kwa upande wako, sema wazi mwanzoni kwamba ni mchezo wa kiinimacho wa kuburudisha. Tamko hilo halipunguzi mshangao. Mmarekani Joseph Dunninger, aliyekuwa na kipindi chake cha kusoma mawazo redioni kuanzia mwaka 1943, alizoea kusema kwamba hata mtoto angeweza kufanya afanyayo yeye akipewa miaka thelathini ya mazoezi, na watu waliendelea kumsikiliza.

Baada ya onyesho mtu ameniita pembeni na kuniomba nimwambie ni nani aliyeiba simu yake. Nimjibu nini?

Hili ndilo swali zito kuliko yote yaliyomo humu, na kwa yeyote anayefanya kazi hii Afrika Mashariki si la kufikirika. Ukionekana kujua jina la mwalimu wa utotoni, wapo watakaodhani unajua pia ni nani mchawi wa ukoo, ni nani baba halisi wa mtoto, na kwa nini biashara haiendi. Mjibu papo hapo, kwa lugha isiyo na mlango wa nyuma: «Ndugu yangu, ule ulikuwa mchezo. Nina mbinu niliyojifunza, sijui lolote juu ya simu yako, na mtu yeyote akikuambia anajua kwa njia hii anakudanganya.» Usimtajie mtu yeyote hata kwa utani. Usicheke. Ikiwa ana shida ya kweli, mwelekeze polisi, kwa daktari, au kwa mtu wake wa karibu anayemwamini.

Madhara ya kufanya kinyume tunayajua. Mwezi Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino yaliyohusishwa na imani za kishirikina, na maneno «ramli chonganishi» yakawa yanasikika mara kwa mara katika taarifa za habari. Wazee, hasa wanawake, wameuawa vijijini kwa sababu mtu fulani alidai kuona jina lao. Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1925, na Tanganyika iliwekewa ya kwake mwaka 1928, kwa hiyo kujidai kuwa na uwezo huo kunaweza pia kukufikisha mahakamani. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mtu aliyejifunza mkato wa msalaba hana haki ya kugusa jambo ambalo linaweza kumtoa mtu roho.

Je, nimwambie mtu huyo siri ya onyesho ili aamini kwamba ni mchezo?

Kwa kawaida hakuna haja. Tamko la wazi linatosha, na siri ya sanaa hulindwa ili wengine nao waifurahie. Hata hivyo, ukiona kwamba tamko halikuingia na mtu anaondoka na imani ya hatari, keti naye peke yenu, toa kikaratasi na kalamu, na umwonyeshe hatua kwa hatua. Siri moja ni bei ndogo.

Nikifanya na mwenzangu itakuwa rahisi zaidi?

Itakuwa ngumu zaidi. Julius na Agnes Zancig, wanandoa waliovutia umati katika ukumbi wa Alhambra jijini London mwaka 1906, waliweza kupashana habari za vitu vilivyoshikwa na watazamaji kwa msimbo wa maneno na ishara ambao ulikuwa matunda ya miaka mingi ya kukariri, na hata baadhi ya wasomi waliamini kwamba ni uwezo wa akili. Msimbo wa namna hiyo ni kazi ya maisha. Anza peke yako.

Programu za simu zinazoonyesha jibu la mtazamaji zinafaa?

Zipo, na baadhi hufanya kazi vizuri, lakini kizazi hiki kikiona simu hukisia simu. Kikombe hakimtii mtu shaka.

Vikaratasi nivifanyeje baada ya onyesho?

Mpe kila mtu kikaratasi chenye jibu lake, kwani wengi hupenda kukihifadhi. Kijitabu chako usikiache mezani. Mkandamizo wa kalamu hubaki kwenye ukurasa wa chini, na mtu akiusugua kwa penseli ataona mpangilio wa ulivyoandika: karata kwanza, mji baadaye. Weka kipande cha kadi ngumu chini ya ukurasa unaouandikia, au chana kurasa tatu zinazofuata ukishafika nyumbani na kuzitupa.